Mama Aliyeogopa Sinia la Watu

Maneno yale aliyasikia bombani, akiwa na ndoo kichwani, na tangu hapo yakamganda kama kupe. Muuza mkaa ndiye aliyeyasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa: katika mji ule mkubwa anakofanya kazi binti yake, wapishi hutia kitu kwenye chakula cha wageni. Mgeni akila mara tatu, basi, njia ya kwao huisahau.

"Wewe uliona kwa macho yako?" mama akauliza.

"Mimi sikuona. Lakini binti yako mwaka wa pili huu hajarudi. Hilo wewe umeliona."

Mama hakuwa mtu wa kuamini kila neno, lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wiki haikuisha akawa ndani ya basi, na begi lenye unga, maharage na samaki wakavu wa kutosha kulisha harusi.

Binti alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na msumari ukutani wa kutundikia nguo. Alimpokea mama yake kwa furaha, akampa kitanda, yeye akatandika mkeka chini. Jioni alitaka kumpeleka kwa rafiki yake auzaye supu kando ya barabara.

"Supu ya nani? Jikoni kwake umeingia?"

"Mama, ni supu tu."

"Supu tu ndiyo inayomezwa bila kutafunwa."

Asubuhi mama aliamka kabla ya jogoo, akapika, akajaza bakuli lenye mfuniko. Akamshika binti mkono. "Mwanangu, nakuomba mimi niliyekubeba tumboni. Wiki mbili nitakazokaa hapa, chakula cha watu usikiguse."

Binti alilitazama lile bakuli, akalipokea. Akaitikia.

Asilolijua mama ni hili. Kiwanda kilikuwa chumba kirefu chenye meza moja, na shati lilipita kwa fundi mmoja baada ya mwingine: huyu anakata, yule anashona mikono ya shati, mwingine kola, na wa mwisho, chumba kidogo cha nyuma, vifungo. Binti alishona kola, na kola ndiyo uso wa shati. Alikuwa amesota mwaka mzima chumba kile cha nyuma, kwenye vifungo, peke yake, kabla hajaaminiwa. Adhuhuri cherehani zikinyamaza, kila mmoja alimimina alicholeta kwenye sinia moja wakala pamoja. Mafundi wale hawakuwa watu wa kugombana. Mwenye kinyongo alikula kando, na wenzake wakamwachia nafasi mpaka aseme mwenyewe. Asiposema, alihamishwa, maana shati moja haliwezi kushonwa na watu wasiotazamana.

Siku ya kwanza binti alikula dirishani. Angewaambiaje kwamba mama yake anaiogopa mikono yao? Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu fundi aliyekaa jirani yake, ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuwa hazimiki, akazimika. Siku ya nne mkuu wao, mama mwenye mvi aliyeitwa Mkasi, akamwambia kwa upole, "Kuanzia Jumatatu utarudi vifungoni. Upumzishe roho."

Binti alirudi nyumbani akasema kichwa kinamuuma. Mama akampikia uji.

Siku ya tano aliondoka bila bakuli lake. Mama alipoliona, akajitanda mtandio, akalibeba, akamfuata. Aliuliza njia mara nane, na kila aliyemwelekeza, mama alimtilia shaka. Akafika adhuhuri. Watu walikuwa wamelizunguka sinia, na binti yake alikuwa dirishani, hana hata punje ya wali, anatazama nje. Ahadi yake aliishika hata na njaa.

Baada ya salamu Mkasi akasema, "Umefika wakati mzuri, mama. Binti yako tumemkosea nini?"

"Kumkosea? Kasema nani?"

"Hajasema, ndiyo maana nauliza. Wiki nzima anakula kando. Hapa anayekula kando ana kinyongo, na mwenye kinyongo tunampeleka vifungoni."

Mama alimtazama binti yake. Binti alitazama viatu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva: tumbo linamsumbua mtoto. Lakini uongo ule ungemfichia mama aibu yake, na mtoto angebaki na jina la mgonjwa.

"Hamjamkosea," akasema. "Ni mimi niliyemkataza. Niliambiwa mnatia kitu kwenye chakula, mgeni asahau kwao."

Kisha Redio akawaka. "Mama yangu, tungekuwa na kitu cha kumzuia mtu asiondoke, si tungewatilia wa vifungo? Mwaka huu wametukimbia watatu."

Wakacheka. Mkasi hakucheka. Alijisogeza, pakapatikana nafasi. "Kaa, mama."

Mama akakaa, akamimina samaki wake kwenye sinia. Mkono ukasimama juu ya maharage ya watu. Hofu haiondoki kwa kuchekwa. Akamwona binti amesogea karibu, anangoja ruhusa kama mtoto wa miaka sita, mtu mzima yule. Mama akatia tonge mdomoni.

"Nani kapika haya?"

"Mimi," Redio akasema.

"Chumvi imezidi."

"Mwambie tena," Mkasi akasema. "Mimi nimechoka."

Kola hazikurudi siku ile. Mkasi alikuwa ameshampa mwingine mpaka mzigo ule uishe, na neno lake hakulimeza. Binti akakaa vifungoni wiki nzima kwa kosa lisilo lake. Mama aliliona kosa hilo kila siku, maana adhuhuri alikwenda kula nao. Jioni Redio aliwatembeza, na mama akaujua mji kwa kinywa: kona ya mkate wa moto, ngazi za muuza karanga, benchi la yule rafiki wa supu, ambako alirudia bakuli la pili. Jumatatu ya pili binti alirudi kwenye kola.

Usiku wa kufunga begi mama akauliza, "Kwa nini hukuja nyumbani miaka hii miwili?"

"Ningeondoka mapema, kola angepewa mwingine. Halafu mama, kila nikipiga simu unaniuliza nimekula nini. Hujawahi kuniuliza nimekula na nani."

Mama alikunja nguo ile ile mara mbili.

Tangu hapo mama husema: Basi, mama mwenzangu unayekwenda kumwona mwanao ugenini, jihadhari na haya:

Usimbebeshe ahadi kabla hujamuuliza itamgharimu nini.

Usimfungie chakula cha peke yake mahali watu wanapokula pamoja.

Usimkatae mpishi ambaye hujamwona uso.

Usimsingizie mtoto ugonjwa ili wewe usione haya.

Usinywe maji ambayo hukuyaona yakichemka. Hilo bado nalisema.

Usidhani kuomba radhi kunarudisha kila kitu siku hiyohiyo.