Hukumu ya Zaituni Yafika Nakawa

Watu wa soko la Nakawa walisema kwamba Nafuna ndiye mwuza njugu mvivu kuliko wote Kampala, na aliyemtazama juujuu asingewabishia. Mteja akishapimiwa kopo lake, ilimbidi asubiri mpaka Nafuna amalize kusoma karatasi ya kumfungia. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma, ndipo akaipinda iwe pembe na kumimina njugu ndani. Maneno yakiwa matamu aliyasoma mara mbili. Wenye haraka zao walikwenda meza ya pili, na waliobaki ni wale waliopenda karatasi kuliko njugu.

Zamani hakuwa hivyo. Alipotoka Bungoma kumfuata mumewe aliyepata kazi kiwandani, karatasi kwake ilikuwa karatasi tu. Mume akafariki, mtoto wao Wanjala akapelekwa kwa bibi yake, na Nafuna akabaki na meza, kopo na ulimi wake. Karatasi za kufungia alizinunua kwa kilo kwenye maduka ya Kikuubo, katikati ya mji: madaftari, ankara kuukuu, na vitabu vya yale maduka ambayo wenyewe, Wahindi, waliondoshwa nchini mwaka wa sabini na mbili. Waliogawiwa maduka walijua la kufanya na sukari. Vitabu viliwashinda.

Basi mwaka wa sabini na sita, mwezi wa nne, mvua ilinyesha asubuhi nzima na hakuna mteja aliyefika. Nafuna, kwa kukosa mtu wa kusema naye, akakiokota kitabu kilichokuwa mezani. Hakikuwa na jalada. Alikuwa amekilaza kifudifudi na kukichana kuanzia nyuma, maana ndivyo mkono wake ulivyoona rahisi. Akakigeuza, akasoma mstari wa kwanza: Zaituni alikuwa na shimo la udongo, na hilo lilitosha kumfanya tajiri.

Mvua ilipokatika Nafuna hakujua. Zaituni alikuwa mfinyanzi, mjane kama yeye. Mkuu wa mji alilitamani shimo lake, akalizungushia uzio na kuweka askari. Zaituni akaenda mahakamani na chungu kichwani. Wakamwambia alete karatasi. Akarudi mwaka wa pili, wa tatu, hata wa saba, hakimu huyu anaondoka na yule anakuja, naye na chungu chake kilekile. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili akaja hakimu mpya, akasema aitwe mama mwenye chungu. Hapo kitabu kikaisha. Karatasi nane za mwisho Nafuna alikuwa amezichana na kuziuza kwa mikono yake mwenyewe, bila kusoma hata neno. Aliona aibu kama mtu aliyemfukuza mgeni mlangoni.

Hakuweza kukaa na jambo hilo peke yake. Kesho yake alianza kuwasomea wateja tangu ukurasa wa kwanza, kidogo kidogo, huku anapima. Msikilizaji mkubwa alikuwa Alanyo, mke wa polisi wa kambi ya Naguru, mwanamke asiyenyamaza hata kanisani. Lakini Zaituni alimnyamazisha. Walipofika pale palipochanika, Alanyo alishika kiuno.

"Halafu?" akauliza. "Hakimu anasema nini?"

"Sijui. Nimeuza."

"Wewe umeuza hakimu? Mama Wanjala, wewe uko na akili kweli?"

Watu walicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Katika foleni ile kulikuwa na mwanamke aliyenyang'anywa lori, mwingine duka, na wawili ambao waume zao walipakiwa kwenye gari mchana kweupe. Mwaka ule vitu vilichukuliwa. Hakuna aliyewahi kuona kilichochukuliwa kikarudi. Ndiyo maana walitaka kujua, na walitaka kweli, kama cha Zaituni kilirudi.

Nafuna akaapa kuzirudisha karatasi zote nane. Wateja wake aliwakumbuka mmoja mmoja kwa kopo walilozoea kununua, akaanza kuuliza. Karatasi moja ilikutwa jikoni kwa Alanyo mwenyewe, imefunika birika. Nyingine ilikuwa imezibia ufa wa dirisha, nyingine ndani ya kiatu cha mlinzi ambacho kilikuwa kikubwa kuliko mguu wake. Fundi cherehani alileta yake ikiwa imekatwa ukosi wa shati, akaleta na vipande, wakaviunganisha kwa uji wa muhogo. Kila aliyerudisha alipewa konzi ya njugu ya ziada, na wengi waliikataa konzi wakaomba kusomewa. Mwezi wa sita ulipoingia, karatasi saba zilikuwa zimerudi. Mashahidi wote wakasikika. Karatasi ya saba ilikomea hapa: Hakimu alivua miwani yake, akamtazama Zaituni, akasema.

Ikabaki moja. Na Nafuna alijua iko kwa nani, tena alijua tangu mwanzo, sema moyo ulikuwa umekataa kulitaja jina lake. Wote walikuwa wameshaulizwa, isipokuwa Okullo.

Okullo alikuwa askari jela wa Luzira. Kila Jumamosi alasiri alikuja kwa baiskeli kwa barabara ya Port Bell, mrefu, kaki yake imenyooka, akanunua makopo mawili bila kupunguziwa bei na bila kucheka. Foleni ilimpisha. Kuhusu Luzira watu walijua mawili tu, kwamba wengi wameingia, na kwamba si vizuri kuuliza. Sasa nani amwendee mtu kama huyo kudai kikaratasi cha njugu? Lakini kuuliza si ujinga, Nafuna akajiambia, na Jumamosi ile alimpimia makopo yake mawili kisha akasema kabla ya kujirudi.

"Afande, nina swali. Zile njugu za mwezi wa tatu, karatasi yake uliipeleka wapi?"

Mkono wa Okullo ulisimama hewani. Akatazama nyuma, kisha kulia.

"Nani alituma wewe kuuliza mimi hiyo maneno?"

"Hakuna, afande. Nataka karatasi tu."

"Mimi nakula njugu yangu, natupa karatasi. Basi."

Akapanda baiskeli akaenda, njugu zake akaziacha mezani. Kitu hicho kilimtisha Nafuna kuliko maneno. Jumamosi iliyofuata Okullo hakuja. Ya pili yake hakuja. Nafuna alifunga nguo zake kwenye kanga, tayari kwa safari ya Bungoma, na kila gari lililosimama karibu na soko alilihesabu kuwa limemfuata yeye.

"Wewe unataka kufa kwa sababu ya karatasi?" Alanyo alimwuliza. Hakuwa akitania.

"Sitaki kufa," Nafuna akasema. "Nataka kujua."

Jumamosi ya tatu Okullo alitokea mchana, kwa miguu, amevaa shati la kawaida kama mtu yeyote. Aliinama mezani, akasema chini kwa chini.

"Mama, sema kweli. Wewe si mtu ya usalama?"

"Mimi? Mwenye kopo hili?"

"Siku ile umeniuliza, mimi nasema sasa nimekwisha. Wiki tatu hapana lala."

Nafuna alimkazia macho mpaka maneno yakamwingia. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika meza. "Na mimi nimefunga nguo zangu, afande! Nilidhani umeenda kunisemea." Okullo alijaribu kubaki na uso wake wa Luzira, ukamshinda. Meno yake, ambayo soko lilikuwa halijapata kuyaona, yalikuwa na mwanya mzuri.

Basi akaeleza, na wanawake wa foleni, ambao macho yao hayakuwa na pazia wala masikio yao, wakasogea. Kule ndani kuna mzee mmoja, mwalimu, amekaa mwaka wa pili bila mashtaka yoyote. Njugu za Jumamosi zilikuwa zake. Ni marufuku, lakini Okullo alishindwa kumtazama mtu wa rika la baba yake akikonda. Mwalimu alikula njugu, karatasi akaificha. Tangu siku hiyo anawasomea wenzake kila asubuhi.

"Ni karatasi moja tu," Okullo akasema. "Lakini anasoma kama mpya. Watu hapana jua Zaituni ni nani. Moja anasema ni malkia. Ingine anasema ni ng'ombe."

"Ng'ombe?" Alanyo akaudhika kana kwamba ametukanwa dada yake.

"Ungeweza kuichukua?" Nafuna akauliza.

"Naweza. Funguo iko kwangu." Okullo akatazama mikono yake. "Lakini hapana taka."

Nafuna alikuwa ameifukuzia karatasi ile miezi miwili, ameionea hofu, ameiota. Akashangaa kukuta kwamba naye hataki ichukuliwe. Aliona vyema ikae pale ilipo, na kuona hivyo kulimfurahisha, furaha ya wazi kabisa, hata machozi yakamlenga.

"Basi hatutajua," Alanyo akasema.

"Utajua," Okullo akasema. "Mimi hapana jua kusoma. Lakini nimesimama mlangoni, nasikia kila siku, miezi tatu. Nimeshika yote."

Akajinyoosha. Akaweka mikono nyuma kama yuko gwaride, akakaza macho juu ya mapaa ya mabati, na sauti iliyotoka haikuwa ya kwake. Ilikuwa sauti ya mwalimu, Kiswahili kimenyooka, kila neno na pumzi yake.

"'Mama, miaka saba umetuletea chungu, na miaka saba tumekuuliza karatasi. Leo nimekiuliza chungu. Udongo wake ni wa shimo lile, na alama ya dole gumba iliyo chini yake ni yako, na kabla yako ilikuwa ya mama yako. Mahakama haikupi kitu, Zaituni. Haina cha kukupa. Chako ni chako, na mkuu ang'oe uzio wake kabla jua halijatua.' Zaituni hakusema asante, maana mtu hashukuru kwa kurudishiwa mkono wake mwenyewe. Alitoka, akapita sokoni, akapita nyumbani kwake bila kuingia, akafika shimoni askari waking'oa nguzo ya mwisho. Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka kiwikoni. Udongo ulikuwa baridi, kama alivyouacha. Akauambia: 'Nimechelewa. Tuanze kazi.'"

Okullo akashusha mabega. Yule mwenye lori alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya leso. Kisha Alanyo akapiga kigelegele, kirefu, cha harusi, na meza ya nyanya ikakipokea, na meza ya mihogo, na wengine wa mbali wasiojua lolote wakapiga kwa sababu wenzao wanapiga. Nakawa ilikuwa haijasikia vigelegele siku nyingi.

Askari jeshi wawili waliokuwa langoni wakaja, bunduki begani. Foleni ikakauka. Okullo akarudiwa na uso wake wa Luzira.

"Hii kelele ni ya nini?" akauliza aliye mbele.

Alanyo, mke wa polisi, aliyezoea sare tangu usichana, ndiye aliyejibu.

"Afande, mwanamke moja ameshinda kesi. Walichukua udongo yake, sasa amerudishiwa."

"Kesi na nani?"

"Na mkubwa."

Askari akamtazama, akamtazama mwenzake. Alikuwa kijana mwenye uso wa mtu aliyetoka kwao mbali. "Ameshinda kweli?"

"Kweli, afande. Hukumu imesomwa."

Yule kijana alikaa kidogo na habari hiyo. "Basi vizuri," akasema, akachota njugu kiganja kimoja, wakaenda zao. Hakuna aliyekumbuka kumdai. Wanawake walisubiri mpaka migongo ile ikapotea, ndipo wakashikana mikono wakicheka kimyakimya, mabega yanatikisika. Walikuwa wamemshangilia mwanamke aliyemshinda mkubwa, mchana, mbele ya bunduki, na bunduki imesema vizuri.

Nafuna akakivuta kitabu kutoka chini ya meza. Alikuwa ameshaanza kukishona kwa uzi wa gunia. Akakata uzi, akashika karatasi ya kwanza, akaichana.

Alanyo akamdaka mkono. "Sasa unaharibu tena?"

"Safari hii naanzia mbele." Akaipinda iwe pembe, akaimiminia njugu mpaka juu, akampa Okullo kwa mikono miwili. "Mpelekee mwalimu. Mwambie huyu ndiye Zaituni, na si ng'ombe. Kesho ufike uchukue ya pili."

Okullo aliitazama ile pembe, akakitazama kitabu kilichobaki. "Yote?"

"Yote. Karatasi sitini na tatu. Ya mwisho anayo."

"Mama, kila siku njugu, mimi nitaweza?"

"Ya kesho ni yangu," Alanyo akasema kabla Nafuna hajafungua mdomo.

"Jumatatu ni mimi," akasema mwenye lori. Fundi cherehani akachukua Jumanne, mlinzi wa kiatu kikubwa akachukua Jumatano na Alhamisi kwa kuwa alihesabu miguu miwili. Wa nyanya wakaja, wa mihogo wakaja. Nafuna aliacha kuuza akawa anaandika majina nyuma ya ankara, na jua lilipoanza kuinama zile siku sitini na mbili zilizobaki zote zilikuwa na wenyewe, na mama mmoja aliyekuwa mwisho wa foleni alikuwa akigomba kwa sauti kwamba hawakumwachia hata moja.