Maiti Wadogo wa Wamaza

Jumatatu asubuhi, akiwa anakunja mkeka wake huko Wamaza, Euphrasie aliona maiti kumi na wawili, kila mmoja mdogo kama mbegu ya boga. Walikuwa wamelala chali, mikono kifuani. Aliwapanga juu ya jani la mgomba uani, kisha akatuma habari kwa kapita Marcellin, mkubwa wa kijiji.

Hakushtuka. Wiki mbili kabla, dokta Rosine wa Kasongo alikuwa amemweleza yote.

"Mama, ndani ya mwili vitu vidogovidogo vinakufa kila siku, na kuna wenye kuvizika. Wazikaji wako wamechoka. Askari wa mwili wakikuta maiti imelala, wanazani vita imeingia. Wanakupiga weye mwenyewe."

Ndiyo sababu ya homa, ya vidole kuvimba, ya madoa mashavuni. Baada ya hapo zingefuata figo, na figo zikifa, naye basi. Dawa ilikuwa imekwisha hospitalini; wangempigia simu ikifika.

Wamaza, maiti akiwa hajazikwa, hakuna anayepeleka jembe shambani. Marcellin alivaa miwani, akainama, akakata shauri: maiti ni maiti. Wanaume wakachimba kwa visu, wanawake wakaimba, muhogo ukapikwa. Jumanne walitoka mwilini mwake arobaini, Jumatano mia na ushei, na wote walizikwa siku ileile. Na kusema kweli, Euphrasie alipata nafuu. Homa ilishuka, akafua nguo zake mwenyewe, akawatania wachimbaji kwamba makaburi yao yamekwenda upande. Alifurahi, wala hakuficha.

Jumapili ya pili, baada ya misa, Marcellin alikuja amevaa koti. Mpunga ulikuwa umeiva na ndege wameuvamia.

"Mama Euphrasie, tumekaa kikao. Hawa haiko watu. Iko vipande vya mutu."

"Juma lililopita ulisema iko maiti, kapita."

"Juma lililopita mupunga ilikuwa bado mubichi."

"Na miye? Nikivimba tena?"

"Utusamehe, mama. Watoto watakula nini?"

Euphrasie alikasirika, na zaidi kwa sababu watoto aliwajua wote kwa majina.

Kesho yake kijiji kizima kilipita uani kwake na vikapu, kikinyanyua miguu juu ya maiti na kuwaomba radhi mmoja mmoja. Euphrasie aliketi chini na kijiko, akazika sita. Kwa wa saba vidole viligoma. Jioni homa ilirudi, na miguu ikavimba hadi kandambili hazikuingia. Kutoka Kasongo hakuna aliyepiga simu.

Ijumaa mke wa Marcellin alimletea wali wa mpunga mpya. Ua ulikuwa umejaa maiti, kwa hiyo alitembea kwa ncha za vidole, akatafuta kwa muda mrefu mahali pa kuweka sahani bila kumwumiza mtu.

"Kula, mama," alisema. "Iko moto bado."