Utepe wa Maboksi ya Dawa

Kindness alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, mikono imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Mganga Pamela alitoboa kitako cha chupa ya maji, akachomeka pampu ya pumu hapo, na mdomo wa chupa akampa mtoto aubane kwa midomo. Akabonyeza, mtoto akavuta. Mluzi kifuani ulipungua, haukuisha.

"Bibi, pampu imefungua njia tu," Pamela alimwambia Eunike, aliyeshuka na mjukuu wake mgongoni kutoka kwao juu mlimani, kwenye migomba. "Ndani bado kumevimba. Anahitaji vidonge vya prednisolone, na vinachukua saa kadhaa kufanya kazi. Ameze sasa hivi. Akibanwa tena jioni, gari la wagonjwa liko gereji."

Shedrack, mtoa dawa, alikuwa nyuma ya nondo za dirisha lake. Dawa zilikuwa zimefika jana. Maboksi yalipangwa juu ya meza, yamezungushiwa utepe mwekundu kama keki ya harusi.

"Shikamoo bibi. Dawa hazitoki mpaka mheshimiwa aje azikabidhi."

"Marahaba. Anakuja saa ngapi?"

"Walisema asubuhi."

"Na sasa ni adhuhuri."

"Ndiyo hivyo, bibi. Amri imetoka juu."

"Mimi ndiye natoka juu," Eunike alisema, "na sijaagiza kitu."

Watu wa benchi wakacheka. Pamela hakucheka. "Shedrack, fungua boksi moja tu."

"Daktari, mimi ni wa mkataba. Nikiharibu, nani atanitetea?"

Tuseme kweli, woga wake haukuwa wa bure. Vijana wengi wamepoteza kazi kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini inaudhi kuona dawa inalindwa dhidi ya mgonjwa.

Eunike hakupaza sauti. Alitoka hadi getini, palipopambwa kwa migomba na majani ya isale kumpokea mgeni. Akang'oa isale moja refu, akarudi, akalipitisha kwenye nondo kwa mikono miwili.

"Mwanangu, kama nimekukosea, nisamehe. Nakuomba dawa ya mtoto."

Huku kwetu ukiletewa isale, hata ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la urithi, unauacha. Kulikataa ni kujitafutia laana. Na Shedrack hakuwa mgeni, alizaliwa ng'ambo ya mfereji tu.

"Bibi, umeniweza," alisema. Akalipokea, akachukua mkasi.

Pamela alisaga vidonge kwenye kijiko, akachanganya na maji ya sukari. Kindness alikunja uso kwa uchungu wa dawa, akataka kutema. Bibi alimtazama tu. Akameza.

Mheshimiwa alifika jua likielekea kuzama, na mpiga picha wake.

"Nani amekata huu utepe?"

"Mimi, mheshimiwa," Shedrack alijibu. Macho hakuyainamisha. "Kulikuwa na mtoto amebanwa."

"Hukuambiwa usubiri?"

"Niliambiwa. Yeye asingeweza kusubiri."

Moyoni nampigia saluti kijana huyu, hata sasa ambapo mkataba wake haukuongezwa.

Msaidizi alifunga utepe upya. Mheshimiwa akaukata, watu wakapiga makofi, picha ikapigwa. Pale benchini Kindness hakuangalia. Alikuwa akimsimulia bibi yake habari ndefu ya ndama wa jirani aliyeingia kanisani, na aliisimulia yote kwa pumzi moja.