Kamongo Asiyejibu

Ukitaka kumpata kamongo wakati wa kiangazi, ndoano iache nyumbani, beba jembe. Kinamasi cha Mulanda kikishakauka, samaki wengine hufa au huliwa na korongo. Kamongo hana habari. Huchimba chini, hujikunja, akajifunika macho kwa mkia, akajivika utando wa ute wake mwenyewe na kuacha katundu ka kupumulia. Basi, analala. Miezi sita, saba, hamhitaji mtu. Lakini mchimbaji naye ana ujanja wake. Huigonga ardhi kwa ncha za vidole, polepole, kisha haraka haraka, kama matone ya mvua ya kwanza. Kamongo hudhani msimu umefika, akaguna, "ng'uu!" Hapo ndipo jembe linaposhuka.

Abbo alifundishwa kazi hiyo na baba yake, aliyekuwa na mabinti tu. Wanawake wenzake walimcheka tangu usichana, eti mke wa tope. Wacheke tu! Mwezi ule wa pili wa mwaka sabini na saba, ni wangapi kati yao walikuwa na kitoweo?

Siku hiyo alikuwa akimchimbia mumewe, Ochen. Miezi minane ilikuwa imepita tangu Ochen, karani wa chama cha ushirika, akatae kutia sahihi kwamba pamba iliyobebwa na lori la askari ilikuwa imeoza. Usiku huohuo alivuka mpaka, akawa mpakua magunia katika duka la Fauziya, upande wa Busia ya Kenya. Mtoto aliyezaliwa nyuma yake alikuwa na miezi mitano sasa, na baba yake hajamtia machoni.

Jana yake, Chifu Okiror alikuwa amefika nyumbani na karatasi yenye mhuri.

"Mama Elinah, furahi," alisema. "Redio imesema. Watu yote walikimbia, wamesamehewa. Hii ni ruhusa ya kupita kizuizini. Nenda Busia, mwambie bwana yako arudi. Wewe peke yako ndiye atakusikia."

"Hatafanywa kitu, mzee?"

"Afanywe nini? Mambo imeisha. Lakini watoto ngapi utakwenda nao?"

"Huyu wa mgongoni tu."

"Vizuri. Elinah abaki na bibi yake. Mimi nitawaangalia."

Abbo alilia kwa furaha, jamani, mbele ya chifu, bila aibu. Shamba lilikuwa halijalimwa, mama mkwe haamki kitandani, na kitanda cha Abbo mwenyewe kilikuwa baridi upande mmoja. Alimtaka mume wake. Ndiyo maana alfajiri ilimkuta kinamasini: hawezi kwenda mikono mitupu, na Ochen kwa kamongo alikuwa mlafi.

Tundu la kwanza alipoligonga, samaki aliguna papo hapo. Dakika chache baadaye alikuwa kapuni, kichwa kimepasuliwa. La pili aliligonga, kimya. Akagonga tena. Kimya. Abbo akadhani samaki amekufa, akachimba kwa kutaka uhakika tu. Alipobandua udongo kidogo aliona utando wa rangi ya kahawia, na chini yake ubavu ukipanda na kushuka. Mzima kabisa! Alikuwa amesikia yote na akanyamaza.

Akamkumbuka baba yake. Mzee huyo alizoea kulalamika kwamba enzi za ujana wake kila tundu lilijibu, ukigonga kumi wanaguna kumi. "Tumewala waongeaji," alisema. "Waliobaki kuzaa ni mabubu, na watoto wao mabubu hivyohivyo. Tumekiharibu kinamasi kwa vidole vyetu wenyewe."

Abbo alikuwa amecheka wakati ule. Sasa aliacha kuchimba, vidole bado vimeshika udongo. Muhamadi! Muhamadi, dereva wa Tororo mjini, naye alikimbilia Kenya, naye alisikia redio mwezi wa kumi na mbili, akarudi na zawadi za watoto. Siku ya tatu wanaume wenye miwani myeusi walimchukua akiwa anakunywa chai, na hadi leo hajaonekana. Mkewe alipouliza, aliambiwa amehamishwa kikazi. Na mkewe ndiye aliyekuwa ametumwa Kenya kumleta, kwa karatasi yenye mhuri vilevile.

"Mungu wangu," Abbo alisema kwa sauti. "Nimetumwa nikagonge."

Hakumuua samaki wa pili. Alichimba pembeni pote, akamtoa na bonge lake zima la udongo, akalifunga kwa majani ya mgomba, akamfunika nalo yule wa kwanza kapuni, akajitwika.

Kizuizini askari alisoma karatasi, akalitazama kapu.

"Wewe nabeba nini?"

"Udongo, afande. Wa kula wajawazito. Napelekea rafiki yangu."

Askari aliligonga bonge kwa kitako cha bunduki. Ko, ko, ko. Abbo alilishika kapu kwa mikono miwili. Kamongo akiguna sasa, wataita magendo, wataita uongo, na walikopelekwa waongo kulijulikana. Bonge halikusema kitu.

"Hata mke yangu nakula hii sana," askari alisema. Akamega kipande cha pembeni, akakitia mfukoni. "Pita."

Fauziya alimpokea mtoto mlangoni. "Karibu, mwanangu, karibu! Mwenzio hata hajalala tangu asikie redio."

Ni kweli. Ochen alikuwa amenyoa ndevu na mfuko wake ulikuwa umefungwa, uko tayari karibu na mlango. Alimbeba mwanawe, akamnusa kichwani. Abbo alimtazama, akatamani kunyamaza kabisa. Angekuwa naye nyumbani siku mbili, labda tatu.

Aliliweka bonge sakafuni. "Baba Elinah, gonga."

"Mama Elinah, tuna haraka—"

"Gonga."

Ochen aligonga kama alivyoona wakwe zake wakifanya. Kimya. "Huyu amekufa," alisema.

Abbo aliomba beseni la maji, akalitumbukiza bonge. Udongo ukayeyuka taratibu. Walikaa pale mpaka chai ya Fauziya ikapoa, ndipo kiputo kimoja kikapanda, kisha kingine, na mkia ukajikunjua majini.

"Chifu amenipa karatasi yenye mhuri," Abbo alisema. "Kama ya mke wa Muhamadi."

Ochen aliangalia beseni. Kisha akauvuta mfuko wake na kuanza kuufungua, shati moja moja, huku machozi yakimdondoka juu ya nguo.

"Kaa nami, basi."

"Na Elinah je? Chifu anaye."

Walimla yule kamongo aliyeguna, na Ochen alikula kidogo sana. Jioni Abbo alivuka kurudi, mtoto mgongoni, kapu tupu.

Chifu Okiror alikuwa amekaa uani kwa Abbo, kwenye kigoda cha Ochen, na wanaume wawili wasiofahamika wenye miwani myeusi. Elinah alikuwa amesimama katikati yao.

"Yuko wapi?" chifu aliuliza.

Abbo alimvuta binti yake, akamweka nyuma ya gauni lake.

"Sijui, mzee," alisema. "Nimegonga sana. Hakuna aliyejibu."