Chungwa Lenye Meno ya Binti wa Fundi

Fundi cherehani alikuwa na kaka mmoja tu wa tumbo moja, na kaka huyo alikuwa mchoraji. Kampuni ya vinywaji ilipomtaka achore chungwa linalocheka kwenye chupa za watoto, hakwenda mbali kutafuta mfano. Alimkalisha mpwa wake wa miaka mitatu juu ya meza ya kukatia nguo, akamwambia acheke, akachora. Chupa zilipotoka, mtaa mzima ulijua chungwa lile linacheka kwa meno ya binti wa fundi. Fundi, mama mtu, alijaa fahari, na nani asingejaa?

Tangu hapo mjomba hakukosa Jumapili, katoni ya chupa hizo mkononi. Mtoto alikunywa nyumbani, akafungiwa na chupa ya kwenda nayo shule ya chekechea. Kwenye chupa palikuwa na vipande vya machungwa vinavyochuruzika, na aliyevichora ni damu yake. Fundi angetilia shaka nini? Mjomba mwenyewe akimiminiwa, aliisukuma glasi kando na kuomba maji. "Hayo ya watoto," alisema. Fundi alimsifu moyoni: huyo ndiye mtu mzima asiyegombea vya watoto.

Miaka miwili baadaye mtoto alianza kulia akitafuna. Daktari wa meno alimulika, akasema manne ya mbele yameoza, hayana budi kung'olewa. Akauliza mtoto anakunywa nini. Fundi akatoa chupa mkobani, tena kwa maringo kidogo. Daktari akaigeuza nyuma, penye herufi ndogo kama chawa, akamsomea: maji, sukari, rangi, harufu ya chungwa. Chungwa lenyewe halikuwemo.

Hata hapo hakumlaumu kaka yake. Alijiambia kuwa naye amedanganywa, mchoraji huchora anachoagizwa. Alitoka hospitalini na mtoto mwenye pamba mdomoni, akaenda moja kwa moja kumwonya, maana kaka ana watoto watatu.

Aliwakuta watoto hao mezani wanakula, kila mmoja na kikombe chake cha maji. Akamweleza wifi yake yote kwa pumzi moja. Wifi akamtazama kwa mshangao.

"Hayo hayaingii humu, wifi. Tangu alipoenda kiwandani akaona magunia ya sukari, amewakataza wanawe hata kuonja. Kwani hakukwambia?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na fundi anayeshinda nguoni kutwa hakukiona. Akakaa. Kaka alitokea chumbani, penseli sikioni. Alikuwa amesikia.

"Kampuni walikuwa wananipa bure, dada," alisema. "Nikaona nikizitupa ni hasara."

Fundi aliumia kwa sababu hakuwa mgeni aliyemtenda hivi; mgeni angemsamehe.

Mtoto, aliyezoea kuambiwa acheke kila akimwona mjomba wake, alitoa pamba akacheka. Ufizi ulikuwa mtupu, mwekundu.

"Mjomba," aliuliza, "na lile chungwa utaling'oa meno?"

Mjomba alichukua kikombe rafuni, akakijaza maji, akampelekea kwa mikono miwili. Mtoto akapokea, akashukuru kama alivyofunzwa.

Kwa miaka miwili ya Jumapili, hayo ndiyo yalikuwa maji ya kwanza mjomba kumpa.