Kengele ya Bwana Desmond

Baada ya sala ya alasiri Twaiba alimgeuza bibi yake kwa ubavu wa kushoto, akamwekea mto mgongoni na mwingine katikati ya magoti, kisha akatoka barazani na simu. Nyumba yao iko Munje, mwisho wa minazi, yanapoanza mashamba ya mihogo, na ndani mtandao haushiki. Unashika mahali pamoja tu, kando ya pipa la maji, na saa hizo jua hupiga hapo bila huruma. Twaiba alijifunika mtandio kichwani pamoja na simu yake, akasoma.

Bibi Mbodze alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Upande mmoja wa mwili ulikuwa haumsikizi tena, lakini ulimi ulibaki mzima, naye aliutumia. Aliyewafundisha kumgeuza ni Faith, nesi wa zahanati, mtu wa Taita. Faith alisema mgonjwa wa kulala ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi itaoza. Bibi akamjibu kwamba saa ni za watu wa ofisini, yeye ana sala. Wakabishana kidogo, mwisho wakakubaliana kwa sala zote tano, na baina ya sala na sala Twaiba ajiongeze mwenyewe. Mgongo wa Bibi haukupata hata lengelenge. Kisha Faith akapata kazi ng'ambo, akaja kuaga akilia, akaenda. Zahanati ikabaki na mlinzi, ambaye ni mtu mwema. Huifungua kila asubuhi, huifagia, na jioni huifunga.

Twaiba alikuwa na shahada ya viumbe wa baharini. Alikuwa akiwatembeza wageni wa hoteli moja ya Diani maji yakitoka, akiwaonyesha kiti cha pweza na majongoo ya pwani, hadi Bibi alipoanguka. Wajomba walikuwa na kazi zao, na yeye ndiye aliyekuwa hajaolewa, basi hapakuwa na haja ya kikao. Marafiki wa chuo walimpigia mara kwa mara, halafu wakapunguza. Twaiba alikuwa mpweke, tena sana, na jambo la kushangaza ni kwamba katika upweke huo alitambua kazi anayoipenda. Alipenda kumwona mtu aliyekunja uso kwa maumivu akiukunjua baada ya mto kusogezwa kidogo tu. Vyuo vya karibu alivyoviuliza vilimwambia aanze mwanzo, kama mtoto aliyetoka kidato cha nne jana. Ng'ambo kulikuwa na kozi za miaka miwili kwa watu waliokwisha kupata shahada nyingine, na hizo ndizo alizokuwa akizisoma chini ya mtandio.

Alikuwa kwenye ukurasa wa chuo cha kwanza, katika mji mmoja wa baridi wenye mto mpana, aliposikia hodi.

"Karibu," akasema, macho kwenye simu.

Ndivyo ilivyo Pwani. Mtu akibisha huitikiwa, na huulizwi kwanza wewe ni nani. Hilo ni la baadaye, ukishakaa na kunywa maji. Twaiba alipoinua macho, mzee wa Kizungu alikuwa amekwisha kupanda baraza, amevaa gauni la hospitali lenye kufungwa kwa kamba shingoni na kuachwa wazi nyuma. Mkononi alishika kengele ya kumwitia nesi, ile ya kubonyeza kwa kidole gumba, na waya wake ulining'inia bila kuunganishwa na kitu.

"Nimebonyeza tangu asubuhi," akasema kwa Kiingereza. "Jina langu Desmond. Hakuna anayekuja."

"Shikamoo," akasema Twaiba, kisha akamfasiria maana yake. Mzee akasema hajawahi kusalimiwa vizuri namna hiyo, akaomba alale kidogo.

Twaiba akamlaza kwenye kitanda cha pili, mkabala na Bibi. Jirani yao, Bi Biasha, aliyekuwa akipita na kapu la mahamri, aliingia, akatazama gauni lile kwa nyuma, akatoka na kurudi na kikoi cha marehemu mumewe. "Mtu mzima huyu," alisema. "Msimwache hivi." Hayo tu ndiyo yaliyomkera.

Bwana Desmond akakaa. Alikuwa na kidonda cha kisigino, kile kinachompata mgonjwa akiachwa na mguu wake juu ya godoro siku baada ya siku. Twaiba alimsafisha, akamwekea mto chini ya shavu la mguu, akamgeuza pamoja na Bibi kila baada ya sala. Wazee wawili hawakuwa na lugha moja, lakini waligombana vizuri kuhusu dirisha. Mmoja alilitaka wazi, mwingine alisema upepo wa bahari unamwingia kwenye mifupa. Bwana Desmond alikula wali wa nazi na samaki tasi wa kukaanga, akasema kwao huletewa supu iliyopoa na mtu asiyesimama. Katikati ya maneno alibonyeza kengele yake, kwa mazoea tu, na Twaiba akaja. Hakukuwa na mlio wowote. Twaiba alijua tu.

Mbeyu, binti wa Bi Biasha, alikuja Ijumaa kukiangalia kisigino. Mbeyu alisomea uuguzi, akafaulu, na cheti chake amekitia kwenye nailoni ili ukungu usikile. Nafasi za kuajiriwa hazijatangazwa tangu amalize. Anakaanga viazi Ukunda, karibu na stendi, na wateja wanamsifu kwa usafi.

"Kisigino kinakauka," alisema. "Unafanya vizuri, dada. Watakuchukua huko ng'ambo."

"Na wewe mbona huombi kwao?"

"Wanataka mtu mwenye uzoefu wa wadi. Wadi za hapa haziniandiki. Sasa uzoefu niutoe wapi, kwenye viazi?" Alicheka, akamsaidia kumgeuza Bibi, akasoma mapigo yake kwa vidole viwili akitazama dari. Kwa muda huo mdogo chumba kizima kilitulia, hata kuku waliokuwa mlangoni. Kisha akasema amechelewa, mafuta yanamngoja.

Twaiba alifungua pia ukurasa wa chuo cha pili, cha nchi nyingine, yenye baridi kuliko ile ya kwanza. Hapo hapo akasikia hodi. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, ikifuatiwa na kikohozi. Twaiba alitazama mlango wa nyumba yake, akahesabu vitanda kwa macho, akanyamaza. Hajawahi kufanya hivyo maishani mwake. Yule mwanamke alibisha tena, kwa adabu, akangoja nyuma ya miti ya mihogo huku akikohoa. Twaiba akaufunga ukurasa na kikohozi kikakoma. Ndivyo alivyochagua chuo. Aliona aibu wiki nzima, na kila mtu alipobisha alijibu mbio kabla hajamaliza.

Akaomba chuo cha kwanza. Katika insha, walipouliza kwa nini anataka kuwa muuguzi, aliandika habari za sala tano na mito miwili. Wakampa siku ya mahojiano, wakati ambao kwao ni adhuhuri na huku ni alasiri. Alikaa kando ya pipa, amevaa koti la kuazima, na jasho likamtiririka mgongoni. Bwana Desmond aliomba atolewe nje apunge hewa, kwa hiyo alikuwa kwenye kiti nyuma yake, amefunga kikoi.

Mhojaji alikuwa mama mmoja mwenye uso mwema. Aliuliza hili na lile, kisha akaisogelea kamera.

"Nyuma yako, huyo ni Bwana Desmond?"

"Ndiye."

"Tuliona kitanda kitupu, tukadhani amehamishwa wadi. Kisigino kinaendeleaje?"

"Kimekauka. Ngozi mpya imeshika."

Mhojaji akaitikia kwa kichwa, kwa furaha ya kweli. Kutoka ndani Bibi akaita. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kupita, naye alikuwa bado amelalia upande wa adhuhuri.

"Sauti hiyo ni ya nani?"

"Bibi yangu. Anataka kugeuzwa. Naomba dakika moja tu."

"Huyo hatumjui," akasema mhojaji, bila ubaya wowote. "Na mahojiano yakikatizwa inabidi yaanze upya mwakani. Limebaki swali moja. Tueleze unavyouelewa upole kwa mgonjwa."

Twaiba alikaa. Alieleza upole kwa mgonjwa, akaueleza vizuri, huku Bibi akiita mara ya pili na ya tatu. Alipoingia ndani alikuta nyongani pamekuwa pekundu, alama yenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Akaipaka mafuta ya nazi kuizunguka, asiisugue, kama Faith alivyofundisha. Bibi hakulaumu. Aliuliza tu kama wale watu wameridhika.

Waliridhika. Barua ya kukubaliwa ilipofika, pamoja na ahadi ya kazi katika wadi ileile ya mafunzo, Bwana Desmond aliinuka mwenyewe, akakikunja kikoi na kukiweka juu ya mto. Alisema sasa anaweza kurudi akangoje. Aliaga mmoja mmoja. Kwa Bibi Mbodze alikaa kidogo zaidi, wakatazamana, kisha akamfumbatisha kengele katika mkono wake mzima.

"Mwambie kule nitapewa nyingine," alimwambia Twaiba. Akashuka baraza, akapita katikati ya mihogo, hakuonekana tena.

Usafiri ulipangwa. Twaiba alikwenda kwa Bi Biasha kumwachia Bibi kama amana, na Bi Biasha akakubali kabla hajamaliza kusema.

"Ila sitakudanganya, mwanangu," alisema. "Alfajiri niko kwenye mahamri. Magharibi niko sokoni. Nitamgeuza nikipata nafasi. Na Mbeyu atakuja Ijumaa."

"Ahsante, Bi Biasha."

"Usinishukuru. Nenda tu."

Asubuhi ya kuondoka Twaiba alipiga magoti kando ya kitanda kuomba radhi, na Bibi akamwekea mkono kichwani, kengele ikiwa bado kiganjani.

"Radhi zangu unazo zote," alisema. "Soma. Usiwe na haya ya kula chakula chao. Lakini nina swali, mjukuu wangu. Yule mzee alikuja kwetu kwa sababu wewe ulikuwa ukitazama masomo na kazi za kwao. Sivyo?"

"Ndivyo, Bibi."

"Basi na mimi nikabishe hodi kwa nani?"

Twaiba alitoka akaenda kando ya pipa. Alitafuta mtu yeyote, popote, anayetafuta kazi ya uuguzi upande wao wa Msambweni. Hapakuwa na tangazo. Alitafuta tena kwa maneno mengine, mpaka gari likafika na dereva akapiga honi. Alirudi ndani akamwambia Bibi kwamba bado hajampata.

"Haya," Bibi akasema. "Nitangoja. Leso yangu nzuri niwekee karibu, nisije nikatoka vibaya."

Twaiba akaikunja leso, akaiweka kando ya mto, akamgeuza kwa ubavu wa kulia na kutoka.

Mji wa baridi ulikuwa na mto mpana kama ulivyokuwa kwenye simu. Twaiba alikodi chumba cha dirisha moja, akajifunza kusema kwamba hajambo hata anapojamba kwa upweke, nami naomba radhi kwa kuliandika hivyo, lakini ndivyo alivyomwandikia Mbeyu mwenyewe, na Mbeyu alicheka mpaka mafuta yakaungua. Jioni hakuna aliyebisha hodi. Wiki za kwanza alikuwa akiacha mlango wazi kidogo, kisha akaona baridi inaingia bure.

Siku yake ya kwanza wadini alimkuta Faith. Walikumbatiana wakakaa hivyo kwa muda, na mgonjwa mmoja akawangoja. Bwana Desmond alikuwa kitanda cha dirishani, na kengele mpya. Aliwaambia wenzake huyu ndiye, na akadai wali wa nazi.

Baada ya chakula cha mchana Twaiba alisikia kengele. Alitazama ubao wa taa juu ya mlango, hakuna iliyowaka. Akazunguka vitanda vyote, akauliza kila mmoja kwa upole. Hakuna aliyebonyeza. Kengele ikalia tena, ikakoma, ikalia, kwa mkono wa mtu asiyetaka kusumbua. Akamwendea Faith, aliyekuwa akikunja mashuka, na kabla hajafungua kinywa Faith akatazama saa yake.

"Huko kwetu alasiri imeadhiniwa," alisema.

"Unaisikia?"

"Yako siisikii. Nasikia ya mama yangu, Wundanyi. Yule kijana wa Manila anasikia ya baba yake. Dada wa zamu ya usiku ana mbili." Faith alilinganisha pembe za shuka, akalilaza juu ya mengine. "Mkuu wa wadi hasikii kitu. Usimwulize, atakupa likizo ya kupumzisha akili. Utaizoea."

"Na wewe umeizoea?"

Faith alichukua shuka jingine, naye Twaiba akashika upande wa pili, wakalikunja pamoja.

Kisha akaenda kwenye kitanda cha dirishani. Alimgeuza Bwana Desmond kwa ubavu wa kushoto, akamwekea mto mgongoni na mwingine katikati ya magoti. Mzee akakunjua uso, akashukuru, akafumba macho. Kengele iliendelea kulia, na Twaiba akasogea kitanda cha pili.