Maganda ya Kufuturia

Mume wangu Karimu anauza matufaha huku ugenini, pale kwenye roboti, zile taa za barabarani, mtaani Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, na ganda la tufaha linaweza kumuua. Wateja wakisikia hivyo hucheka. Mimi niliacha kucheka mwaka jana, siku alipong'ata moja jekundu mbele ya mteja kumwonyesha ni tamu, akavimba koo palepale.

Daktari alitueleza vizuri. Kwenye ganda kuna protini ambayo tunda hujikinga nayo dhidi ya ukungu na wadudu. Likiwa changa inakuwa kidogo, lakini kadiri linavyoiva linazidi kuijaza kwenye ngozi yake. Ndiyo maana yale mabichi ya mwanzo wa msimu yalimwasha midomo tu. Nyama ya ndani haimdhuru. Daktari akatupa sindano ya dharura, kisha akaongeza kwamba hata moto hauiui ile protini. Niliona maneno ya ziada hayo. Nani anachemsha tufaha?

Mama yangu anachemsha.

Alikuja kutoka Tanga kufunga Ramadhani nasi. Bi Duni, mama yangu huyo, hatupi kitu. Kwetu maganda ya nanasi huoshwa, yakachemshwa na tangawizi, ikapatikana juisi ya kufuturia. Siku aliyofika nilimwambia, "Mama, ganda la epo ni sumu kwa Karimu." Alimwonea huruma sana. Mimi nikaendelea kummenyea mume wangu matunda yake, maganda nayatia kwenye mfuko na kuufunga.

Jumamosi ile kulikuwa na mechi, wateja wakawa wengi. Nikayaacha maganda kwenye bakuli, nikaenda kumsaidia Karimu. Tuliporudi nyumba ilinukia tangawizi. Nikadhani ni nanasi, na kwa kweli nilifurahi.

Adhana ilipoita, wao walikaa mkekani, mimi nikawa jikoni nakaanga sambusa za mwisho. Nikafunua ndoo ya taka. Juu kabisa kulikuwa na maganda ya tufaha, yamechemka hadi wekundu wote umetoka.

"Ongeza kikombe, baba," mama alikuwa anamwambia mkwewe. "Umekonda kwa kusimama juani."

"Tangawizi yake kali, mama," Karimu akajibu. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa nzito.

Nilimkuta anajikuna shingo, midomo imejaa.

"Mama, umempa nini?"

"Usinipandishie sauti, Tabia. Nimeyachemsha tangu adhuhuri. Sumu yote imekufa, imebaki vitamini."

Nilikimbilia sindano chumbani. Niliporudi Karimu alikuwa amelala, anavuta pumzi kwa mlio, na mama amemwinua kichwa, anamwekea kikombe mdomoni ili koo lifunguke. Na yeye, mkwe mwema, anafungua mdomo. Nilikipiga kile kikombe kikaruka hadi ukutani. Sikuwa nimewahi kumnyanyulia mama yangu mkono. Nikamdunga Karimu pajani, na jirani akatupeleka hospitali kwa gari lake.

Asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua, akaweza kusema.

"Nilijua tangu funda la kwanza," aliniambia.

"Ulijua nini?"

"Ule muwasho naujua, Tabia. Lakini mama alikuwa ananitazama. Amehangaika jikoni mchana kutwa, na saumu yake. Ningemrudishiaje kikombe mkononi?"

Hasira ilinipanda. Nilitaka kumzaba kofi palepale kitandani, na nilitaka kumkumbatia nisimwachie. Kabla sijafanya lolote simu ikaita. Alikuwa mama. Sauti ilimkauka kwa kulia, hakuwa amelala. Anaomba msamaha, na anauliza amchemshie nini mgonjwa.

Nilifunika simu kwa kiganja, lakini Karimu alikuwa ameshasikia.

"Mwambie alete chochote," alisema kwa koo lake lililokwaruzika. "Nitakunywa."